Pikipiki ya mlima: tuipokee au tuiache?

Neno lililosemwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Uvira. Komite imeomba lichapwe lote, ili wanachama wa Sange, Mboko na Baraka ambao hawakuweza kufika, pamoja na wafadhili wetu, walisome kabla ya kura.



Komite ilituomba sisi tunaofanya kazi ya vijijini tuje kusema juu ya jambo moja tu. Mnalijua tayari, maana limesemwa sokoni, kanisani na kwenye foleni ya maji. Shirika moja linafunga mradi wake na linauza pikipiki yake ya mlima, ile ndefu ambayo watoto wanaiita "moto ya ONG". Mfadhili mmoja amekubali kukilipia chama bei yake. Lakini amesema pia kwamba chama kikiona afadhali, pesa hizo hizo zinunue pikipiki ya kawaida, mpya, kama zile za wamotari wetu wa mjini. Kuchagua ni kwenu. Sisi tumepanda aina zote mbili kwa miaka, kwenye vumbi na kwenye matope, kwa hiyo tutawaambia tulichokiona. Hatukuja kuwapigia kura.

Tuanze na swali ambalo mzee mmoja alituuliza pale mlangoni: "Pikipiki si pikipiki tu?" Hapana, mzee. Tofauti iko, na inaanzia chini.

Pikipiki ya kawaida, tuseme Boxer ya Bajaj au TVS, imetengenezwa India kwa ajili ya watu wengi na mizigo. Kiti chake ni kirefu na kiko chini. Magurudumu ni madogo, mara nyingi namba 17. Injini iko karibu na ardhi. Inakula esansi kidogo.

Pikipiki ya mlima ni kitu kingine. Yamaha DT125, kwa mfano, gurudumu lake la mbele ni namba 21, kwa hiyo linapanda juu ya jiwe pale ambapo dogo lingegonga na kusimama. Amotiseri zake ni ndefu. Injini imeinuliwa, bomba la moshi limepita juu, hewa inavutwa kutoka chini ya kiti, hivyo maji ya mto yakifika kwenye goti la dereva bado inatembea. Kuna na Yamaha AG100, ambayo mashirika mengi yameitumia Afrika. Herufi hizo AG zinatokana na neno la kilimo, maana ilitengenezwa kwa wakulima na wafugaji wa nchi kama Australia. Sheni yake imefunikwa yote ndani ya sanduku, tope na mchanga haviingii. Ina kibebeo mbele na kingine nyuma. Haina mbio, na haikuundwa kwa ajili ya mbio.

Huko Ulaya na Marekani pikipiki za ukoo huu zimekuwa kitu cha kujifurahisha. Mashindano ya kwanza ya Paris–Dakar yaliondoka Desemba 1978, na aliyeshinda, Mfaransa Cyril Neveu, alikuwa juu ya Yamaha XT500, pikipiki yenye silinda moja tu. Mwaka 1980 BMW ikatoa R80 G/S, na mwaka 1988 Honda ikatoa ile iliyoiita Africa Twin. Tangu hapo zimezidi kunenepa. Leo kubwa zake zinapita kilo 200. Wazungu wanazipakia masanduku ya chuma na kuzunguka dunia. Tumeshaona picha zake, nzuri kweli. Lakini ile ikianguka kwenye tope la Ruzizi, mtaita vijana wanne na kuwanunulia soda. Hapa hatuzungumzi habari ya hizo. Tunazungumzia ile nyepesi, ya kilo mia moja na kitu, ambayo mtu mmoja anaweza kuiinua mwenyewe na kuendelea na kazi.

Nchi yetu na njia zetu

Ninyi mnaijua nchi hii kuliko sisi, lakini acheni tuiseme, kwa sababu wafadhili wanasoma.

Uvira imebanwa kati ya ziwa na mlima. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 na kitu juu ya bahari, na nyuma ya nyumba zetu milima inapanda mara moja hadi kupita mita 2000, na zaidi. Barabara ni moja, ile ya taifa namba 5. Kaskazini inapita Kiliba, Sange na Luvungi kwenda Kamanyola na Bukavu. Kusini inafuata ziwa: Makobola, Swima, Mboko, hadi Baraka na Fizi. Ukitoka kwenye barabara hiyo kuelekea machweo ya jua, njia inakuwa ya mbuzi.

Wengi wenu mliporudi kutoka Tanzania, kuanzia 2005, mlipandishwa meli Kigoma na mkashushwa Baraka au hapa hapa Uvira. Wengine mlitoka Lugufu, wengine Nyarugusu. Mlishushwa kando ya ziwa, lakini mashamba ya wazazi wenu hayako yote kando ya ziwa. Mengine yako juu, kwenye nyanda za kati. Ndiyo sababu swali hili la pikipiki ya mlima limewagusa hivi. Huko juu ndiko kuna maharagwe, ndiko kuna wazee waliobaki, na ndiko akina mama wanajifungua mbali na kituo cha afya.

Tena mvua. Kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei njia inageuka sabuni. Na hata hapa chini hatujasahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilipotoka kwenye njia yake, ikaua watu, ikabeba nyumba na kuharibu daraja. Siku zile mji ulikatika vipande viwili. Mwenye gari alisimama. Mwenye pikipiki ndefu alitafuta pa kuvukia na akavuka.

Faida tulizoziona

Ya kwanza tumeshaigusa: inafika. Kuna vijiji ambavyo Boxer inafika Julai na haifiki Novemba. Pikipiki ya mlima inafika miezi yote, polepole, dereva akiwa amesimama kwenye vikanyagio, lakini inafika.

Ya pili ni kwamba haivunjikivunjiki kwa sababu ya njia. Boxer ikipelekwa mlimani kila wiki, spoku zinakatika, amotiseri zinatoa mafuta, fremu inapata ufa pale kibebeo kinaposhikana. Wamotari wa hapa wanajua kuchomelea, na wanachomelea kweli. Lakini chuma kilichochomelewa mara tatu si chuma tena.

Ya tatu ni urahisi wa injini. DT125 na AG100 ni injini za nyakati mbili, zile mekanisie wetu wanaziita "de tan". Haina valvu wala sheni ya ndani. Mekanisie aliyejifunzia ufundi Nyarugusu chini ya mti anaweza kuifungua asubuhi na kuifunga jioni.

Ya nne inahitaji tuisimulie kidogo, kwa sababu watu wengi wanaielewa kinyume. Msimu wa mvua uliopita, mama mmoja wa kijiji cha nyanda za kati alishikwa na uchungu usiku, mtoto akiwa hajageuka vizuri. Vijana walimweka kwenye tipoyi wakaanza kushuka. Habari ikatangulia kwa simu. Pikipiki ya mlima ikapanda. Je, ilimshusha yule mama? Hapana. Mama aliye na uchungu hawezi kupanda kiti kilicho juu zaidi ya sentimita 80, akakaa hapo juu ya mawe kilomita nane. Ile pikipiki ilimpandisha infirmie, na begi lake, na taa. Wakakutana na tipoyi katikati ya njia, kwenye boma la watu, na mtoto akazaliwa pale, akiwa mzima. Mama pia. Asubuhi wakaendelea kushuka kwa tipoyi, bila haraka.

Tunawaomba mlishike hili wakati wa kupiga kura. Kazi kubwa ya pikipiki ya mlima ni kumpandisha mwenye kusaidia, pamoja na dawa, na sanduku la barafu la chanjo. Kumshusha mgonjwa ni kazi ambayo mara nyingi haiiwezi. Mtu akiwaambia kwamba tukipata pikipiki hii tipoyi itakwisha, hajawahi kupanda huko.

Mzigo wake

Sasa upande wa pili, na hapa tuvumiliane, maana ni mrefu kuliko wa kwanza.

Esansi. Injini ya nyakati mbili inakunywa. Boxer ya 100 kwenye barabara inakwenda karibu kilomita 50 kwa lita. Hii ya mlima, ikipanda, hata nusu ya hapo ni bahati. Tena inataka mafuta yake maalumu ya de tan, yanayowekwa kwenye tangi yake ndogo ya pembeni. Tangi hiyo ikikauka, injini inashika palepale. Na yale mafuta ya rangi rangi yanayouzwa kwenye chupa kando ya barabara, hakuna anayejua yametoka wapi.

Piesi. Piesi za Boxer na TVS ziko kila duka la Mulongwe na Kavimvira, ziko Sange, ziko Baraka, hata bujia mtazipata kwa muuza sabuni. Za Yamaha ya mlima mtaagiza Bujumbura, na mara nyingi Bujumbura nayo inaagiza mbali zaidi. Mpaka ukifungwa, mnasubiri. Pinee ya namba 21 haiko kwenye duka la kila siku. Mwaka jana pikipiki moja ya aina hii ililala siku kumi na moja ukutani kwa sababu ya kebo ya ambrayaji, kitu cha dola chache. Pikipiki ilikuwa nzima, kebo ndiyo haikuwepo. Siku hizo kumi na moja huko juu watu waliendelea kuugua kama kawaida.

Urefu. Hatutaki kuwacheka watu wafupi, lakini tuseme ukweli. Mtu ambaye miguu yake haifiki chini akisimama kwenye mteremko ataanguka upande wa bonde. Dada zetu wahamasishaji waliovaa kitenge wanateseka. Na mzigo mzito ukifungwa juu ya pikipiki ndefu unaivuta kichwa chini. Gunia la mihogo linapenda pikipiki fupi. Anayedhani ataleta maharagwe sokoni kwa pikipiki ya mlima, afunge magunia mawili ajaribu kugeuza kona.

Makaratasi. Hapa tunawaomba wafadhili wasikilize zaidi. Pikipiki nyingi za mashirika ziliingia nchini kwa msamaha wa ushuru. Shirika likiiuza, ule msamaha haufuati pikipiki kwa mwenye kuinunua. Ni lazima habari yake imalizwe kwanza na douane, ndipo plaki, kadi na asiransi viandikwe kwa jina la chama. Barua ya shirika yenye muhuri na maneno ya kuwapongeza haitoshi. Kati ya hapa na Baraka mnajua wenyewe ni vizuizi vingapi. Pikipiki isiyo na kadi ni ng'ombe wa maziwa kwa kila mwenye kamba barabarani.

Macho ya watu. Boxer moja kati ya Boxer mia haionekani. Pikipiki ya mlima inaonekana kutoka kilima cha pili. Wenye silaha wanaipenda kwa sababu ile ile sisi tunayoipenda: inapita kila mahali. Dereva wa ONG ana nembo, ana redio, ana ofisi inayomtafuta akichelewa. Dereva wa chama atakuwa na nini? Tunauliza tu.

Na jambo la mwisho kwenye mzigo, la watu wenyewe. Ninyi mliorudi mnaishi pamoja na wale ambao hawakuondoka. Walikaa hapa wakati wa vita, na wakati mwingine mlipofika mlikuta wanalima shamba la baba yenu, mkazungumza, mkaelewana kwa shida. Kitu kikubwa kikija kwa jina la "waliorudi" peke yao, maneno yanaanza. "Wale walikula chakula cha kambi, sasa wanapewa na moto." Tumeisikia sentensi hiyo, na si mara moja. Pikipiki inayompandisha infirmie kwa mama yeyote, awe amerudi au alibaki, inaweza kupatanisha. Inayoonekana Jumapili inampeleka katibu harusini inaharibu kazi ya miaka.

Hesabu

Tufanye hesabu pamoja. Hizi tunazoziweka ni namba za mfano, za kujifunzia njia ya kuhesabu. Komite itaweka bei za kweli za wiki ya kura.

Tuseme pikipiki ya mlima iliyotumika inauzwa dola 1500, inatembea kilomita 30 000, halafu inauzwa dola 300. Imepoteza dola 1200. Gawanya kwa kilomita 30 000: kila kilomita imekula senti 4. Hizo ni pesa za kuweka kando, hata kama aliyenunua ni mfadhili, maana mfadhili hatarudi kununua ya pili. Esansi, kwa dola 1,25 kwa lita na kilomita 25 kwa lita, ni senti 5. Mafuta ya de tan senti 1. Pinee, piesi na mekanisie tuseme senti 4. Jumla senti 14 kwa kilomita.

Boxer mpya tuseme dola 1200, nayo itauzwa 300 baada ya kilomita hizo hizo. Inakula senti 3. Esansi senti 2 na nusu. Oili nusu senti. Pinee, piesi na mekanisie senti 2. Jumla senti 8.

Tuseme inatembea kilomita 600 kwa mwezi. Ya mlima: dola 84. Boxer: dola 48. Bado hatujaweka mshahara wa dereva, maana ni mmoja kwa pikipiki zote mbili.

Sasa tuseme wanachama 70 wanalipa dola moja moja kila mwezi, na wote wanalipa. Mmecheka, basi mmeelewa. Hata wakilipa wote, Boxer inawaachia dola 22 za kumwanzia dereva, na inaweza kubeba mzigo wa watu ikapata zaidi. Ya mlima inawadai dola 14 kila mwezi kabla dereva hajala. Baada ya mwaka ni dola 168. Zitatoka wapi? Kama jibu ni "kwenye mfuko wa misiba na wagonjwa", basi pikipiki iliyokuja kuwasaidia wagonjwa itakuwa inakula pesa zao.

Ndiyo maana tunawaambia wafadhili: asanteni kwa bei ya kununua, lakini kununua ndiyo sehemu rahisi.

Kinachoiua pikipiki

Kuna historia moja inayofaa hapa. Mwaka 1988 Mwingereza Barry Coleman, mwandishi wa habari za mashindano ya pikipiki, na Randy Mamola, Mmarekani aliyekuwa mkimbiaji mashuhuri wa mbio hizo, walikwenda Somalia kuona kazi ya shirika la Save the Children waliyokuwa wameichangia pesa. Wakakuta pikipiki za wafanyakazi wa afya zimelala, zimekufa zikiwa bado changa. Hazikuuawa na njia mbaya. Ziliuawa na vitu vidogo ambavyo hakuna aliyefundishwa kuvitazama. Kutokana na hayo, Barry, mkewe Andrea Coleman na Mamola wakaanzisha Riders for Health, shirika ambalo kazi yake ilikuwa kufundisha wafanyakazi wa afya wa Afrika kupanda na kutunza pikipiki, na kuhakikisha piesi inabadilishwa kabla haijavunjika. Somo lao kubwa ni hilo: piesi inayojulikana itachoka kilomita fulani, ibadilishwe kilomita hizo, isisubiriwe hadi ikatike porini.

Sisi hapa tunafanya kinyume. Tunasema "bado inatembea". Sheni inalia, tunaongeza sauti ya muziki.

Kwa hiyo, pikipiki yoyote mtakayoichagua, mfupi au ndefu, iwe na haya. Kila asubuhi kabla ya kuwasha: esansi, oili, hewa ya pinee, sheni, kebo, fren, na kushika kila nati kwa mkono. Dakika kumi. Iwe na daftari moja lenye kilomita za kuondoka na za kurudi, sababu ya safari, na sahihi. Dereva awe mmoja wa kazi na mmoja wa akiba, basi. Pikipiki ya watu wote haina baba. Ufunguo ulale kwa mtu ambaye si dereva wala prezida. Na kaske ziwe mbili, moja ya dereva, moja ya anayebebwa. Tunasisitiza hiyo ya pili, maana tunaona dereva amevaa kofia ngumu na infirmie nyuma yake amevaa kitambaa.

Njia tunazoziona

Tumewaomba komite wafungue daftari la maombi ya usafiri. Maombi mengi ni ya barabara ya ziwa: kumfikisha mgonjwa hospitali, kuleta samaki na dagaa, kwenda kwenye msiba Mboko, kufuata karatasi hapa mjini. Ya kupanda mlimani ni machache. Lakini hayo machache ndiyo yenye kufa na kupona. Hapo ndipo ugumu wa kura yenu ulipo, na hatutawadanganya kwamba ni rahisi.

Njia ya kwanza: mchukue Boxer, mpya, muifungie pinee za meno na chuma cha kulinda injini. Itafanya kazi nyingi za chama na itajilisha. Kwa mlima, muweke mfuko mdogo wa dharura, mpatane mapema na wamotari wa mlimani wanaojulikana, kwa bei iliyoandikwa, na muwalipe na vijana wa tipoyi. Vijana wale wamebeba watu miaka yote bila kupewa hata maji.

Njia ya pili: mchukue ya mlima, lakini kwa masharti matatu, na yote matatu yatimie kabla ya kugusa ufunguo. Makaratasi yawe safi na kwa jina la chama. Mfadhili aongeze pesa za kutembea na kutunza kwa miezi 24, pamoja na sanduku la piesi zinazochoka: kebo, sheni, bujia, shambreri, pinee mbili. Na muandikiane na zoni ya afya kwamba pikipiki itampandisha infirmie kwa kila mgonjwa wa huko juu, awe mwanachama au asiwe.

Njia ya tatu: muache zote mbili mwaka huu, mwombe mfadhili asubiri, kwanza muone kama dola moja ya mwezi inalipwa kweli. Hakuna aibu kwenye njia hiyo. Kitu kinachokuja kabla ya mahali pa kukiweka kinalala nje.

Mmetuuliza sisi tungechagua nini. Mama mmoja hapo mbele ameuliza mara mbili, hatuwezi kumkimbia. Sisi, kama masharti yale matatu hayajatimia, tungechukua Boxer na mfuko wa dharura. Kama yametimia yote, hata kwa shida, tungechukua ya mlima, kwa ajili ya yale maombi machache. Masharti mawili kati ya matatu hatuyahesabu. Mawili ni sawa na kutokuwa na hata moja.

Kura ni Jumamosi ya pili, hapa hapa, saa tatu asubuhi. Wanachama wa mbali watume mjumbe na barua yenye majina. Kabla ya hapo komite imeombwa ilete mambo matatu: bei za kweli za wiki hiyo, jibu la douane kwa maandishi, na jibu la mfadhili juu ya miezi 24. Mkikosa moja ya hayo, ahirisheni kura. Pikipiki haitakimbia, na kama itauzwa kwa mwingine, nyingine zitakuja. Mashirika hufunga miradi kila mwaka.

Ninyi wafadhili, mkitaka kujibu, jibuni kwa komite kabla ya siku hiyo.

Maswali sasa. Tuanze na akina mama, maana mara ya mwisho muda uliisha kabla hawajafikiwa.